Mwanangu anapanga visoda tu: nimnunulie vichezeo gani?

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kiume ametimiza miaka minne. Hospitali ya mkoa wametuambia ana usonji (autism). Haongei, ila mara mojamoja hurudia maneno ya matangazo ya televisheni. Nimemnunulia gari la rimoti, mdoli na herufi za mbao. Gari analigeuza tairi juu na kuzungusha gurudumu moja, vingine hata havitazami. Anachopenda ni visoda. Anavipanga mstari kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, na ukigusa kimoja analia mpaka anatapika. Akivitaka vikiwa juu ya kabati, ananishika kifundo cha mkono na kunivuta bila kuniangalia usoni. Baba yake anasema tusipoteze hela tena. Jirani anasema nivitupe visoda ili aache tabia hiyo. Ninunue vichezeo gani vya kumfundisha kuongea na kucheza na wenzake? Mama wa Kihonda, Morogoro."

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa mzigo mliobeba. La kwanza kabisa: visoda usivitupe.

Naanza na hilo kwa sababu najua maneno ya majirani yanavyochosha, na kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kufanya hichohicho unachoshauriwa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka Chuo cha Ualimu Patandi, kule Tengeru. Darasani nikapewa mtoto aliyeokota vipande vya chaki na kuvipanga ukingoni mwa dirisha siku nzima. Nikavikusanya, nikavifungia kabatini, nikamwekea mezani matofali ya plastiki ya rangi. Wiki mbili alikaa chini ya dawati, amenipa mgongo. Nilipomrudishia chaki zake alitoka, lakini kila nikimsogelea alizifumbata kiganjani na kujikunja. Muhula ulikwisha kabla hajaniruhusu kukaa karibu naye. Alikuwa amejifunza jambo moja kutoka kwangu, kwamba mimi ni mtu wa kunyang'anya, na alikuwa na haki.

Kupanga vitu mstari kunamtuliza. Sauti, mwanga, harufu na sura za watu hubadilika kila dakika, kisoda hakibadiliki. Watu wazima wenye usonji wanaoweza kusimulia utoto wao wameeleza hivyo mara nyingi, nami nawaamini kuliko ninavyomwamini jirani. Zaidi ya hapo, ule mstari ndiyo sehemu pekee ya nyumba yenu ambayo mwanao ameichagua mwenyewe akaifanyia kazi kwa bidii. Ukitaka kumfundisha, mlango ni huo.

Unaniuliza ununue nini. Mdogo wangu, hela yako itunze. Kichezeo anacho tayari, anachokosa ni mtu wa pili ndani ya mchezo.

Ngoja nieleze kwa nini mtu huyo wa pili ana uzito kiasi hicho. Mtoto asiye na usonji, akikaribia mwaka mmoja, akiona paka anapita atamnyooshea kidole, atageuka kumtazama mama yake, kisha atarudi kwa paka. Paka, mama, paka. Mama anasema "paka!" na neno linakaa, kwa kuwa wote wawili wako kwenye kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hatulioni jambo hili kwa jinsi tulivyolizoea. Kwa mtoto mwenye usonji njia hiyo ni nyembamba. Anamwona paka vizuri, pengine kuliko wewe, ila ule mgeuko wa kwenda kwa mama haupo au unachelewa. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtoto aliyejifunza herufi zote kwenye tableti, na bado hajui kumwomba mama yake maji. Herufi zilimwingia peke yake. Maji yanahitaji mtu.

Mwaka 2006 Connie Kasari na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti wa watoto 58 wenye usonji, wa miaka 3 na 4. Kundi moja lilisaidiwa kwa mchezo kujenga huko kutazama kitu pamoja na mtu, kundi la pili lilisaidiwa kucheza michezo ya kuigiza, na la tatu likaendelea na ratiba ya kawaida ya kituo chao. Ilikuwa nusu saa kwa siku, kwa wiki tano hadi sita. Mwaka mmoja baadaye watoto wa makundi yale mawili ya mchezo walikuwa wamepiga hatua kubwa zaidi katika kuongea kuliko wa kundi la tatu. Nusu saa, mdogo wangu, na vichezeo vya kawaida.

Sasa tuingie sebuleni kwako.

Akianza kupanga, kaa sakafuni ng'ambo ya mstari wake, mahali ambapo akiinua macho kidogo tu atakutana na uso wako. Uwe na visoda vyako mwenyewe, kama kumi, uvipate kwa muuza soda. Vyake usiviguse. Panga mstari wako sambamba na wake, kwa mwendo wake. Akiweka, weka. Akisimama, simama. Akigonga kisoda sakafuni mara mbili, nawe gonga mara mbili. Usimuulize chochote: hii rangi gani, viko vingapi, hiki nini, maswali hayo yote yaweke kando. Siku ya kwanza huenda asikutazame kabisa. Siku ya tatu, au ya kumi, utamwona amesita na mkono uko hewani. Atagonga, kisha atatega sikio aone kama utajibu. Hapo anakujaribu wewe, na mchezo umekuwa wa watu wawili. Mimi moyo wangu hudunda kila nikiuona mkono ule ukisita, na nimeuona miaka mingi sasa.

Mkishazoeana hivyo, kuwa mtunza visoda. Viweke vingi kwenye kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lenye mfuniko mgumu asioweza kufungua. Mwachie vichache vya kuanzia. Vikiisha atalifuata kopo. Toa kimoja, kishike karibu na shavu lako, subiri. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Utaona ni muda mrefu kuliko tunavyozoea kuwapa watoto. Chochote atakachofanya, akunyooshee mkono, akutupie jicho, atoe mlio, mpe palepale na useme neno moja: "kisoda." Usimwambie "sema kisoda ndipo nikupe." Ukifanya hivyo mchezo unageuka mtihani, naye ataondoka. Akinyamaza hadi mwisho wa kumi, mpe vilevile, utajaribu tena.

Hapo kwenye neno moja nataka tukae kidogo, kwa sababu Kiswahili chetu kina mtego wake. Sisi hubebesha kitenzi kimoja mambo matano. "Nimeshakuambia uviweke" kwa mwanao ni sauti moja ndefu isiyo na mwanzo wala mwisho. Tumia maneno mafupi yanayosimama yenyewe: weka, toa, nipe, njoo, tena, bado, tayari, basi. Akianza kutamka neno moja, wewe nenda mawili: "nipe kisoda," "weka tena."

Na kwa kuwa umesema anarudia maneno ya matangazo, angalia jinsi unavyomsemesha anapotaka kitu. Mtoto anayejifunza kwa kurudia huchukua sentensi nzima kama ilivyo. Ukizoea kumuuliza "unataka maji?" ndipo unampa, atakuja kwako siku moja akiwa na kiu aseme "unataka maji?" akimaanisha yeye anataka. Nimewafundisha wengi wa namna hiyo, na kuibadilisha ile "una" iwe "na" kulichukua muda. Basi mpe neno ambalo yeye ndiye angelisema: "maji," au "nipe maji." Yale maneno ya matangazo nayo usiyapuuze. Akitamka tangazo la sabuni kila akienda kuoga, huenda ndilo jina lake la kuoga. Mjibu: "kuoga!"

Mstari ukishakuwa wenu, badilisha jambo moja dogo. Lile gari la rimoti litoe betri na uliviringishe kwa mkono kama daladala. Lisimamishe mwanzoni mwa mstari, pakia kisoda chako kimoja, sema "panda!" kisha "twende!" Likifika mwisho: "shuka!" Akitaka kupakia chake, mwachie. Akizungusha gurudumu badala ya kupakia, nawe zungusha, halafu simama: "moja, mbili..." na utulie kabla ya "tatu." Mtoto anayeijua hesabu hiyo hawezi kuvumilia pengo lile. Atakutazama ulijaze, au atalijaza mwenyewe kwa sauti yoyote, na sauti hiyo ichukue kama neno. Akilia kwa sababu umebadilisha, rudisha mstari ulivyokuwa, tulia, rudini kwenye kugonga. Kurudi nyuma si kushindwa.

Kisoda kuwa abiria ndiyo mwanzo wa michezo ya kuigiza, ile ya kupika na ya baba na mama, ambayo watoto wa jirani wanaicheza bila kufundishwa. Usimrukishe huko. Kumpa mdoli mtoto ambaye bado anafurahia kuzungusha na kugonga ni kumpa kitabu mtu asiyejua herufi, ndiyo maana mdoli wako amelala kwenye kona. Kwanza atagonga na kuzungusha, kisha ataweka kitu ndani ya kitu, kisha atatumia kitu kwa kazi yake, kijiko kwenye kikombe, kitana kichwani. Baadaye ndipo kikombe kitupu kitakuwa na chai. Mfuate pale alipo na uwe hatua moja mbele, mbili ni nyingi.

Ipo michezo isiyotaka kichezeo kabisa, na kwa mtoto asiyekutazama hiyo ndiyo dhahabu. Mlaze kwenye kanga, wewe na baba yake mshike pembe, mbembee: "bembea, bembea..." msimame. Subirini. Akitikisa mwili au akiwatazama: "tena!" Jifunike uso kwa kanga, jifunue. Baba yake amekuambia msipoteze hela, na kwenye hela namuunga mkono. Mwambie namwomba dakika kumi jioni za kumrusha juu, kumbeba mgongoni, kumviringisha kwenye mkeka, akisimama kila mara kabla ya kurudia. Akina baba wengi hudhani mafundisho ni kazi ya mama na mwalimu, nao ndio wenye mikono ya kumrusha mtoto juu mara ishirini.

Kuna kimoja ninachokipenda kuliko vyote: mapovu ya sabuni. Utotoni tulikuwa tunakata bua la jani la mpapai, lile lenye uwazi katikati, tunachovya kwenye maji ya sabuni na kupuliza. Bado linafaa, ila lioshe na likauke utomvu kwanza, na upulize wewe, asije akavuta maji ya sabuni. Uzuri wa povu ni kwamba mtoto wa umri wake kwa kawaida hawezi kulitengeneza mwenyewe, na linapasuka upesi. Kila likipasuka anakuhitaji. Puliza moja, liache lielee, mtazame yeye badala ya povu. Macho yake yatalifuata mpaka litakapopasuka, kisha yatakwenda wapi? Mtoto mmoja niliyekuwa naye alianza kutazama bua. Wiki iliyofuata akatazama mdomo wangu. Kisha siku moja, povu likiwa bado hewani, aliligeukia, akanigeukia mimi, akacheka, akaligeukia tena. Povu, mwalimu, povu. Alikuwa na miaka sita, na mama yake aliyekuwa amesimama mlangoni alikaa chini palepale kwenye vumbi.

Kuhusu simu na tableti sitasema sana. Si sumu, lakini katuni haimhitaji mtu yeyote, inaendelea hata kama hakuna anayetazama. Mpe muda wake mfupi, na usiruhusu ile saa ambayo yuko macho na ametulia iliwe yote na kioo. Simu hiyohiyo ina kazi nyingine nzuri zaidi. Mtu akurekodi dakika tano ukicheza naye, kisha ujitazame usiku yeye akilala. Uingereza walijaribu njia ya kuwaonyesha wazazi video zao wenyewe wakicheza na watoto wao, kwa watoto 152 wenye usonji. Matokeo ya kwanza yalichapishwa 2010 na ya ufuatiliaji 2016, na miaka kama sita baada ya kumaliza watoto wale bado walikuwa na nafuu katika mawasiliano ukiwalinganisha na ambao wazazi wao hawakupata msaada huo. Ukijitazama utaona mengi: unavyomjaza maneno, unavyomwahi kabla hajaomba, na pia yale macho ya sekunde moja aliyokutupia ukiwa umeinama hukuyaona. Hayo ya mwisho ndiyo ninayotaka uyaone.

Usitafute saa nzima. Dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni, na zilizobaki ziwe kazi za nyumbani. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto kama wako, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yaliyojengwa juu ya mchezo na shughuli za kila siku, na hapa kwetu Afrika Mashariki yamefanyiwa kazi Kenya na Ethiopia. Msingi wake unaweza kuuanza leo. Anayependa kupanga mpe vijiko vilivyooshwa apange, mkipokezana: wewe kimoja, yeye kimoja, "zamu yangu," "zamu yako." Mnapofua, yeye atumbukize soksi kwenye beseni.

Kuhusu wenzake, usimtupe katikati ya kundi linalocheza kombolela ukitegemea atajifunza kwa kuwaona. Chagua mtoto mmoja mtulivu, ndugu au wa jirani, mfundishe yeye kwanza: asiguse mstari, aige, asubiri. Watoto wa miaka saba, minane wanaelewa hili haraka kuliko sisi. Wapeni mpira wa kuviringishiana wakiwa wamekaa miguu wazi, au mchezo wa mapovu mwenzake akiwa mpulizaji. Dakika tano zilizokwenda vizuri zinatosha siku hiyo.

Sasa hadhari, na hizi tafadhali zishike. Akiwa bado anatia vitu mdomoni, visoda asicheze navyo bila mtu mzima kumtazama, na vyenye kingo kali au kutu vitoe. Puto lililopasuka lisibaki sakafuni, linaziba koo. Vichezeo vinavyowaka taa mara nyingi huwa na betri ndogo bapa kama kifungo. Mtoto akiimeza inaunguza koo la chakula ndani ya saa chache, hivyo usisubiri dalili, kimbilia hospitali. Na kama masikio yake hayajapimwa, rudini mkaombe apimwe, maana mtoto asiyegeuka akiitwa anaweza kuwa na usonji na tatizo la kusikia kwa pamoja. Pale ofisi ya elimu ya manispaa muulizieni afisa wa elimu maalumu, awaelekeze shule yenye kitengo cha elimu hiyo kabla hajafika umri wa kuandikishwa. Akija mtu kuwauzia dawa ya kuondoa usonji, mwambieni hapana. Dawa hiyo haipo.

Huenda ataongea, sina kipimo cha kukuambia lini. Nimefundisha watoto walioanza kusema wakiwa na miaka saba, na wengine wanaozungumza mpaka leo kwa picha wanazokabidhi mkononi mwa mtu. Piga picha ya lile kopo, ichapishe, ibandike kwenye kadi, umfundishe kuileta kwako. Picha haitamfanya awe mvivu wa kuongea, kama wengi wanavyohofia.

Nimebakiza jambo moja uliloandika ukipita, kama lalamiko: kwamba anakushika kifundo cha mkono na kukuvuta bila kukuangalia. Mtoto huyo ameshajua kwamba wewe ndiye njia ya kufika kwenye visoda. Kesho akikushika, mfuate hadi kwenye kabati, lakini usinyooshe mkono mara moja. Piga goti, uso wako uwe usawa wa uso wake, na ule mkono anaouvuta uache ulegee kati yenu. Usiseme kitu. Atavuta tena. Atavuta mara ya tatu. Kisha atataka kujua kwa nini mkono umesimama, na itabidi apande nao kwa macho, kifundo, kiwiko, bega, mpaka afike ulipo. Akifika tu, hata kwa nukta moja, mwambie "kisoda!" na umpe kopo zima.